Sauti na Majina katika Filamu za Kutisha za Wanafunzi wa Marekani, 1967–1999

Historia ya sinema imezoea kuandikwa kwa macho. Waandishi wake hueleza picha, taa, sura za waigizaji na mandhari. Sauti huja mwishoni katika aya moja au mbili, na yale maandishi yanayofungua na kufunga filamu mara nyingi hayatajwi kabisa. Kwa filamu ya kutisha upungufu huu ni mkubwa, kwa sababu hofu humfikia mtazamaji kwa sikio kabla ya kumfikia kwa jicho: mlango ukilia gizani, yeye huanza kutetemeka kabla hajamwona aliyeufungua. Kwa filamu ya kutisha iliyotengenezwa na wanafunzi, upungufu ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi hana fedha za kujenga jumba, wala za kuliteketeza. Lakini ana usiku mzima wa kukwaruza bati mbele ya maikrofoni, na saa zake hazilipwi na mtu. Makala haya yanachunguza kazi mbili ambazo hufanywa picha zikiisha kupigwa, wakati waigizaji wamekwenda zao na fedha zimekwisha: kazi ya kuhariri sauti, ambayo imemeza siku nyingi sana katika filamu za namna hiyo, na kazi ya kuandika majina, ambayo imeamua ni nani atakayekumbukwa kwa ajili ya siku hizo. Mifano inatoka Marekani, kati ya mwaka 1967 na 1999, kwa kuwa huko filamu chache zilizozaliwa mikononi mwa wanafunzi zilienea duniani, na habari za utengenezaji wake zikahifadhiwa.

Neno lenyewe "sauti" lahitaji kutazamwa kwanza. Kifaransa kina neno moja kwa sauti ya koo la mtu na jingine kwa mlio wa kitu chochote. Kiswahili, kilipolipokea neno hili kutoka Kiarabu, kililiacha litumike kwa vyote viwili. Mwalimu wa fonetiki huona taabu hapo, lakini mhariri wa filamu ya kutisha angefurahi, maana kazi yake ni kuufuta mpaka huo huo: kulifanya bomba la mvuke lipumue kama mgonjwa, na mgonjwa alie kama bomba. Pale panapohitajika kupambanua, Kiswahili kina hazina ya vitenzi: radi hunguruma, ngoma hurindima, majani makavu huchakacha. Kitenzi kuvuma kina tabia ya pekee. Upepo huvuma, nyuki huvuma, na habari za mtu huvuma pia. Kutokana nacho tunapata mvumo, ambao ni mlio, na uvumi, ambao ni habari isiyo na mwenyewe. Filamu mbili kubwa zinazojadiliwa hapa zinasimama kwenye ncha mbili za kitenzi hicho: ya kwanza ilijengwa kwa mvumo, ya pili kwa uvumi.

Ili kuelewa uzito wa kazi ya sauti yafaa kukumbuka jinsi ilivyofanywa kabla ya kompyuta. Picha na sauti zilikuwa vitu viwili mbalimbali. Picha zilipigwa kwenye filamu. Sauti ilinaswa kwenye utepe mwembamba wa sumaku, kisha ikahamishiwa kwenye utepe mpana wenye matundu pembeni sawasawa na yale ya filamu, ili vyote viwili viweze kwenda kwa mwendo mmoja juu ya meza ya mhariri. Kibao kilichogongwa mbele ya kamera kilitoa alama: picha ya mbao zikikutana na mlio wa kukutana kwake vilipangwa pamoja, na kila kilichofuata kikawa kimepangika. Kila aina ya sauti ilikuwa na utepe wake, nyayo katika mmoja, upepo katika mwingine, mazungumzo katika mwingine. Na pale ambapo utepe mmoja ulipaswa kunyamaza, mhariri alibandika kipande cha filamu tupu chenye urefu uleule. Mwishowe tepe zote ziliendeshwa kwa pamoja zikachanganywa kuwa moja. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na aliyekosea kwa picha tatu au nne aliumbuka, kwa kuwa mdomo ulifunguka kabla ya neno.

Hata kimya kilipaswa kutengenezwa. Chumba kitupu kina mlio wake hafifu, na mhariri akiuondoa kabisa, mtazamaji hudhani mashine imeharibika. Ndiyo sababu mwanafunzi wa sinema hufundishwa mapema kuwanyamazisha watu wote mahali pa kupigia picha na kunasa chumba peke yake, apate kitambaa cha kushonea vipande vya mazungumzo. (Utengano huo wa tepe ndio pia uliowezesha filamu za Kimarekani kufika Lubumbashi na Bukavu zikisema Kifaransa: maneno huondolewa, muziki na milio hubaki. Mtazamaji wa Kongo aliyetishwa na filamu ya namna hiyo alikuwa akisikia midomo ya Paris na milango ya Hollywood.)

Kisa cha kwanza kinaanzia Philadelphia. Mwaka 1967 mwanafunzi wa uchoraji katika Pennsylvania Academy of the Fine Arts, David Lynch, aliyezaliwa mwaka 1946, alitaka kuuona mchoro wake ukitembea. Alitengeneza picha za kuchora zenye urefu wa dakika moja, zikirudiwa tena na tena juu ya ubao wenye vichwa vilivyochongwa, na kazi hiyo ikaitwa Six Men Getting Sick. Sauti yake ilikuwa king'ora tu, kikilia bila kukoma.  Lakini waliosimama mbele ya ubao huo walitambua kwamba picha ileile, ikirudi mara ya tano pamoja na mlio uleule, si picha ileile tena.

Filamu iliyofuata, The Alphabet ya mwaka 1968, ina dakika nne hivi, na yafaa itazamwe na kila mwanaisimu. Chimbuko lake lilikuwa habari ya mtoto mmoja wa ukoo wa mkewe, aliyekariri alfabeti usingizini kwa hofu. Katika filamu msichana amelala kitandani, watoto wanaimba herufi, herufi zinazaa herufi, na mwisho ni damu juu ya shuka nyeupe. Kinachotisha hapo si jini wala maiti. Ni kufundishwa kusoma. Kilio cha mtoto mchanga kinachosikika ndani yake ni cha binti wa Lynch mwenyewe, aliyekuwa amezaliwa mwaka huo. Kinasa sauti kilichotumiwa kilikuwa kibovu, kikaipotosha sauti, naye Lynch akauona ubovu huo kuwa bora kuliko uzima. Fundi wa studio angerudisha mashine dukani.

Kwa filamu hiyo Lynch aliomba na kupata msaada wa American Film Institute, chombo kilichoundwa mwaka 1967, na kwa fedha hizo akatengeneza The Grandmother, iliyomalizika mwaka 1970. Ni dakika 34 za mtoto asiyependwa nyumbani ambaye anapanda mbegu juu ya kitanda ikaota bibi wa kumpenda. Wazazi wake hawasemi lugha yoyote; wanabweka. Filamu isiyo na mazungumzo huiachia sauti kazi yote, na hapo ndipo anapoingia mtu ambaye jina lake halijulikani na wengi waliotishwa na kazi yake: Alan Splet. Alikuwa akifanya kazi ya sauti katika kampuni ya filamu mjini Philadelphia. Lynch alikuwa amemtazamia fundi mwingine, akapewa huyu. Walifanya kazi pamoja kwa siku 63.

Idadi hiyo yastahili kutazamwa kwa utulivu. Siku 63 kwa dakika 34 maana yake ni kwamba siku nzima ya watu wawili ilizaa nusu dakika ya sauti na kitu kidogo. Hakuna msimamizi wa studio ambaye angeikubali hesabu hiyo. Nao hawakuwa na mashine ya kutoa mwangwi. Kwa hiyo waliweka spika upande mmoja wa bomba la kupitishia hewa na maikrofoni upande wa pili, wakacheza mlio, wakaunasa ulivyotoka, kisha wakaupitisha tena ule ulionaswa, na tena, mpaka mwangwi ukawa mrefu walivyotaka. Anayesoma habari hizi aweza kusema kwamba huo ni ufundi wa wasio na chochote, na atakuwa amesema kweli. Lakini ufundi huo ulileta mlio ambao haukuwamo katika hazina ya sauti ya kampuni yoyote, kwa sababu bomba hilo halikuwa la mtu mwingine. Wakuu wa American Film Institute walipoisikia filamu walivutiwa na pande zote mbili: Lynch alipokewa mwaka 1970 katika kituo chao cha mafunzo ya juu kilichokuwa katika jumba la Greystone, Beverly Hills, na Splet akaajiriwa kuongoza idara ya sauti ya kituo hicho.

Huko ndiko ilikozaliwa Eraserhead. Mswada wake ulikuwa na kurasa zipatazo 21, na kwa kuwa ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa dakika moja, wakubwa walidhani itakuwa filamu fupi. Walitoa dola 10,000. Upigaji picha ulianza tarehe 29 Mei 1972 katika mabanda ya farasi ya jumba hilo, ulitazamiwa kuchukua wiki sita, nao ukaendelea kwa miaka. Fedha zilikwisha, Lynch aligawa magazeti usiku ili kupata za kuendelea, na rafiki zake wakachanga. Mpiga picha wa kwanza, Herbert Cardwell, aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Frederick Elmes. Katika filamu yumo mhusika Henry, anayeigizwa na Jack Nance, ambaye anafika kwenye mlango na kushika kitasa. Picha inayofuata, ya Henry akiingia chumbani, ilipigwa kama mwaka mmoja na nusu baadaye. Mtazamaji haoni ufa wowote. Jicho laweza kudanganywa na nywele zilizochanwa vilevile, lakini kinachouziba ufa huo hasa ni mvumo. Karibu filamu nzima imelala juu ya mvumo mmoja mzito, kama wa kiwanda kilicho nyuma ya ukuta, na mvumo haujui kwamba mwaka umepita.

Mvumo huo ulitengenezwa baada ya picha, kuanzia kiangazi cha mwaka 1975, katika chumba ambacho Lynch na Splet walikiziba wenyewe kisipitishe sauti za nje. Kazi ilichukua karibu mwaka. Milio ipatayo 15 iliweza kulia kwa wakati mmoja. Kwa ajili ya tukio ambamo kitanda kinayeyuka na kuwa dimbwi la maziwa, waliingiza maikrofoni ndani ya chupa ya plastiki, wakaielea chupa hiyo katika beseni la kuogea, wakanasa hewa iliyopulizwa ndani yake. Hapa unaonekana usahihi wa lile lililosemwa juu ya neno sauti: anayesikiliza mlio huo hawezi kuapa kama ni maji, ni upepo au ni mtu anayepumua. Pamoja na milio hiyo waliweka vipande vya kinanda cha Fats Waller, mwanamuziki mweusi aliyekuwa amefariki mwaka 1943, vikisikika mbali kana kwamba vinatoka katika nyumba ya jirani; na wimbo mmoja unaoimbwa na mwanamke anayeishi ndani ya kipasha joto cha chumba. Midomo ni ya Laurel Near. Sauti ni ya Peter Ivers, mwanamume, ambaye ndiye aliyeutunga muziki wake.

Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles, katika tamasha la Filmex, tarehe 19 Machi 1977. Ilikuwa ndefu, nayo haikupokewa vizuri. Lynch akaamua kupunguza dakika zipatazo 20, na msomaji asiyejua ufundi wa filamu aweza kuliona jambo hilo kuwa dogo. Sivyo. Filamu ikiisha kuchapwa, sauti imeandikwa kama mstari wa mwanga pembeni mwa picha, lakini haikai kando ya picha yake. Inatangulia kwa picha kama 20, kwa sababu ndani ya mashine ya kuoneshea jicho linalosoma sauti liko mahali pengine kuliko taa inayoangaza picha. Anayekata kipande kwa kufuata picha huikata sauti ya kipande kingine. Mvumo usio na mwanzo wala mwisho huusamehe mkato kama huo kuliko mazungumzo yanavyoweza kuusamehe, na yaelekea filamu yenye maneno mengi isingalinusurika. Iliyobaki ilikuwa na dakika 89. Msambazaji Ben Barenholtz aliichukua New York mwaka huohuo, akaionesha usiku wa manane, na ikaendelea kuoneshwa saa hiyo kwa miaka. Mwaka 2004 iliingizwa katika orodha ya filamu za taifa zinazohifadhiwa na Library of Congress.

Filamu yenyewe iliandika jina la Splet, na mwaka 1982, sauti zake zilipotolewa kwenye sahani ya santuri, majina mawili yalikuwa juu ya jalada: Lynch na Splet. Hata hivyo kilichovuma ni jina moja. Mwaka 1980 Splet alipewa tuzo maalumu ya Oscar kwa uhariri wa sauti ya filamu The Black Stallion. Hakuhudhuria sherehe, na mwongozaji wa sherehe, Johnny Carson, akaufanya utoro huo kuwa mzaha usiku kucha. Kwa Wamarekani wengi waliokuwa mbele ya televisheni, hiyo ndiyo mara ya pekee waliyosikia jina lake. Alifariki mwaka 1994. Lynch, aliyefariki Januari 2025, hakuacha kumtaja kila alipoulizwa kuhusu sauti, na hilo ni haki yake kusemewa. Lakini neno la mtu katika mahojiano hupita, na maandishi ya mwisho wa filamu husomwa na wachache, wakati wengine wamekwisha kusimama kutafuta mlango.

Maandishi hayo nayo yana historia yake. Katika filamu za wanafunzi, na katika nyingi za kutisha, herufi huwa nyeupe juu ya weusi. Ni rahisi kudhani kwamba weusi ulichaguliwa kwa ajili ya hofu. Sababu ya kwanza ni bei. Herufi nyeusi zilizobandikwa juu ya karatasi nyeupe zikipigwa picha kwa filamu isiyojua kijivu, hasi yake hutoka na herufi angavu katikati ya giza, nayo yaweza kuunganishwa moja kwa moja na filamu bila kuchapwa tena. Anayetaka herufi zikae juu ya picha inayotembea alihitaji mashine ya kuchapa picha juu ya picha, na maabara ililipwa kwa kila futi. Hivyo umaskini ulizaa desturi, na desturi ikawa mtindo. Muda wa maandishi nao ulikuwa na kanuni yake ya mezani: mhariri huyasoma mara mbili kwa mwendo wa kawaida, kisha hukata. Yakikaa pungufu, wasomaji wa polepole hukasirika. Yakizidi, hofu hupoa.

Madhara ya kipande kidogo cha maandishi yalionekana Pittsburgh mwaka 1968. George Romero na wenzake hawakuwa wanafunzi tena, ingawa Romero alikuwa amesoma Carnegie Institute of Technology mjini humo. Walikuwa vijana wa kampuni ndogo ya matangazo ya biashara waliotengeneza filamu ya kutisha kwa dola zipatazo 114,000, wakitumia muziki wa akiba ulionunuliwa tayari. Filamu iliitwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji alitaka jina jingine, na kipande chenye jina la zamani kikaondolewa, kikawekwa chenye jina jipya, Night of the Living Dead. Tangazo la hakimiliki lilikuwa limeandikwa kwenye kipande kile cha zamani, na hakuna aliyekumbuka kuliandika kwenye kipya. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, nakala zilizotolewa bila tangazo hilo zilikuwa mali ya umma. Filamu ikaenea duniani, ikaigwa na mamia, na kila mwenye mashine ya kuchapa aliweza kuiuza bila kuwalipa walioitengeneza. Sharti la tangazo liliondolewa katika sheria kuanzia tarehe 1 Machi 1989, miaka 20 na ushei baadaye. Kisa hiki ni onyo kwa wanafunzi wanaoyaacha maandishi mpaka usiku wa mwisho.

Maandishi ya mwanzo yana kazi nyingine iliyo ya hatari zaidi, nayo ni kuapa. Tangu enzi ya filamu bubu, Nosferatu ya Kijerumani ya mwaka 1922 iliwapa watazamaji kurasa za kumbukumbu, kana kwamba zimeandikwa na shahidi wa tauni iliyoupata mji. Mwaka 1974 Tobe Hooper, pamoja na kikundi ambacho wengi wake walitoka University of Texas mjini Austin, walifungua The Texas Chain Saw Massacre kwa maandishi yanayopanda polepole huku yakisomwa kwa sauti nzito ya mwanamume, yakidai kwamba yatakayoonekana yalitukia kweli, na kutaja tarehe 18 Agosti 1973. Kisha skrini inakuwa nyeusi. Husikika koleo, udongo, pumzi. Mwanga wa kamera unawaka kidogo, mlio mkali unapanda, na kipande cha mwili kinaonekana kwa nukta moja. Kisa hicho kilibuniwa. Lakini maandishi yalikuwa yamekwisha kuwafanya wasikilizaji kuwa mashahidi, na sauti ikawaonesha kile ambacho picha iliwanyima.

Kiapo hicho kilifikishwa mwisho wake na wahitimu wawili wa University of Central Florida, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Kampuni yao waliita Haxan, kwa kumbukumbu ya filamu ya Benjamin Christensen ya mwaka 1922 juu ya wachawi. The Blair Witch Project si filamu ya wanafunzi tu kwa asili ya watengenezaji wake. Ni filamu inayojidai kuwa kazi ya wanafunzi. Maandishi meupe juu ya weusi, bila muziki, husema kwamba mnamo Oktoba 1994 wanafunzi watatu wa sinema walipotea katika misitu karibu na Burkittsville, Maryland, walipokuwa wakipiga filamu ya habari za kweli, na kwamba mwaka mmoja baadaye filamu zao zilipatikana. Hakuna mapambo ya herufi, na hakuna jina la mwigizaji. Mwanafunzi yeyote angeweza kuyaandika maneno hayo kwa mchana mmoja, nayo ndiyo yaliyoibeba filamu nzima.

Upigaji picha ulifanyika Oktoba 1997 kwa siku nane. Waigizaji watatu, Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael C. Williams, waliachwa msituni na kamera mbili, ya filamu ya milimita 16 na ya video, pamoja na kinasa sauti cha kidijitali. Maelekezo waliyakuta katika vikebe walivyowekewa njiani. Usiku watengenezaji walivunja vijiti kandokando ya hema na kuwachezea sauti za watoto zilizonaswa mapema. Iliyotoka msituni ilikuwa kama saa 20 za picha na sauti, na kuzichambua mpaka zikabaki dakika 81 kuliwachukua miezi mingi. Kanuni waliyojiwekea ilikuwa ngumu: kisisikike chochote ambacho mashine za wanafunzi hao hazikuweza kunasa. Kwa kanuni hiyo muziki wa kuongoza hofu ulikatazwa, na mlio uliowekwa chini ya maandishi ya mwisho ulikuwa mvumo tu usio na wimbo.

Matunda ya kanuni hiyo yanaonekana hasa katika dakika za mwisho. Kamera ya milimita 16 ilipiga picha bila sauti. Ile ya video ilinasa vyote viwili. Ndani ya nyumba iliyoachwa, Mike anatangulia mbio na video, Heather anamfuata na kamera nyingine. Picha inapohamia kwenye kamera ya Heather, mtazamaji anaona kwa macho yake lakini anasikia kwa sikio la Mike: mayowe ya Heather yanatoka mbali, ingawa kamera imo mikononi mwake. Kisha video inaanguka sakafuni na mayowe yanakaribia. Mhariri mwingine angeusahihisha upungufu huo kwa kuyaleta mayowe karibu na picha. Hawa waliuacha, na mwili wa mtu ukatengwa na sauti yake mbele ya macho ya ukumbi mzima kabla hajafa.

Filamu ilioneshwa katika tamasha la Sundance Januari 1999, ikanunuliwa kwa dola zipatazo milioni 1.1, na mwaka huohuo ikaingiza karibu dola milioni 248 duniani kote. Uvumi ulikuwa umetangulia kwa njia ya intaneti. Waigizaji walikuwa wametumia majina yao halisi kwa wahusika, na ili kiapo cha maandishi ya mwanzo kisivunjwe, ilibidi wasionekane hadharani wakati filamu inatolewa. Mama yake Donahue alipokea kadi za rambirambi.

Hapa jina, ambalo katika kisa cha Splet halikuvuma ijapokuwa liliandikwa, lilivuma kupita kiasi huku mwenyewe akikanwa kuwa hai. Donahue aliacha uigizaji, na baadaye akabadili jina lake kisheria. Mnamo Aprili 2024 waigizaji hao watatu walitoa barua ya wazi kwa kampuni iliyokuwa imerithi haki za filamu, wakidai malipo ya ziada kwa kazi yao ya mwaka 1997, na kutaka washauriwe kila majina yao au sura zao zitakapotumiwa tena kuitangaza Blair Witch.